Kizuri Chajiuza, Lakini Si Gizani: Namna ya Kuendesha Duka la Hisani Tamashani

Kikundi kikitafuta fedha za kununulia viti vya magurudumu au kulipia ada za yatima, njia huwa zilezile: kadi za michango, chakula cha hisani, harambee. Zote zinazunguka kwa watu walewale, ambao mwezi uliopita walichangia harusi na mwezi ujao watachangia msiba. Tamasha la muziki ni uwanja mwingine. Pale kuna maelfu ya watu msiowajua, wamekuja wakiwa na fedha mfukoni, na watakuwepo siku mbili tatu. Banda la nguo mlizopewa bure, likiendeshwa na watu wasiolipwa mshahara, linaweza kuwaingizia fedha ambazo hamkumwomba jirani yeyote.

Uingereza wameizoea kazi hii. Oxfam, shirika lililoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942, hupeleka watu wa kujitolea kwenye tamasha la Glastonbury tangu mwaka 1993, na mbali na wale wanaosimamia mageti, huweka pia maduka ya nguo zilizotumika. Kwetu vifaa vyote vya kazi hiyo tunavyo. Matamasha yapo: Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar, tangu mwaka 2004, na Nyege Nyege, iliyoanzia Jinja mwaka 2015. Goma nao walikuwa na Amani, iliyoanza mwaka 2014. Na kuhusu nguo zilizotumika, hakuna wa kutufundisha.

Kinachokwamisha vikundi vingi ni fikra kwamba mteja atanunua kwa kuwa fedha zinakwenda kwa wahitaji. Hatanunua kwa sababu hiyo. Atanunua shati kwa kuwa ni zuri, linamtosha na bei yake inaeleweka. Hisani iko kule fedha zinakokwenda. Mezani ni biashara ya nguo, na walimu wake wako kwenye masoko ya Karume, Memorial, Gikomba na Kongowea. Kabla ya kupanga lolote, kaeni asubuhi nzima na muuza mitumba mzoefu mumtazame anavyofanya. Mengi ya yanayofuata hapa mtayaona kwake.

Anzeni na mnunuzi

Kosa la kwanza hufanyika wiki nyingi kabla ya tamasha, pale kikundi kinapotangaza: "Leteni nguo." Watu wataleta. Mtapokea suti za harusi za zamani, sare za shule, magauni ya kitchen party na makoti mazito. Kisha mtayabeba hadi uwanjani na kuyarudisha.

Jiulizeni kwanza: mtu aliyeko pale saa mbili usiku anakosa nini mwilini? Glastonbury hufanyika shambani, Worthy Farm huko Somerset, na miaka ya mvua kama 1997, 2005 na 2016 shamba zima liligeuka tope. Mwenye gambuti na makoti ya mvua hakuhitaji kumwita mteja. Zanzibar mwezi Februari, wakati wa Sauti za Busara, ni joto la kaskazi: kinachotafutwa ni pamba nyepesi, mashati ya mikono mifupi, suruali pana, kofia. Halafu kuna mgeni aliyetoka ufukweni na kaptura na kujikuta katikati ya Mji Mkongwe, ambako heshima ni kufunika mabega na magoti. Huyo anahitaji kanga, kikoi au mtandio hapohapo, na ndiye mteja wenu wa uhakika kuliko wote. Goma, chini ya Mlima Nyiragongo, jioni ina baridi; sweta iliyokaa mchana kutwa bila kuulizwa huondoka jua likizama.

Mkishajua hilo, ombeni kwa kutaja: "Tunahitaji mashati ya kitenge, jinzi, kanga zilizo nzima, kofia na mikanda. Nguo ziwe zimefuliwa." Pelekeni tangazo hilo kanisani, msikitini, kwenye jumuiya, maofisini na vyuoni. Anayetoa hachukii kuelekezwa. Anachukia kukuta koti lake alilolifua na kulikunja limetupwa nyuma ya banda.

Chambueni bila huruma

Uchambuzi ufanyike mchana, kwenye mwanga wa jua, wala si usiku wa kuamkia tamasha. Shikeni shati moja mwone kazi ilivyo. Linainuliwa juu kuelekea dirishani ili matundu yaonekane. Linageuzwa ndani nje, kwapa zinakaguliwa kwanza, kisha kola, maana jasho lililogandia hapo halitoki. Vifungo vinahesabiwa. Mikono inavutwa kidogo kuona kama mshono unaachia. Mfuko unapekuliwa, humo mtakuta risiti, vidonge, mara nyingine fedha, na fedha ikipatikana inarudi kwa mtoaji au inaandikwa. Kazi yote hiyo haizidi dakika moja, na mwisho wake shati linakwenda kwenye fungu mojawapo kati ya matatu: la kuuzwa tamashani, la kumpelekea fundi, na la kuondoka.

Fungu la tatu ndilo linalowashinda wengi. Moyo unasema "labda atapatikana wa kulichukua." Atakayepatikana atalishika, ataona doa, atalirudisha, na hataangalia la pili. Nguo moja mbovu kwenye kamba huharibu sifa ya kumi nzuri zilizo jirani yake.

Kuna vitu ambavyo havipandi mezani hata viwe vipya kiasi gani. Nguo za ndani zilizotumika, kwanza: Tanzania ina katazo la kuziuza, na Shirika la Viwango (TBS) limekuwa likilikumbusha mara kwa mara. Pili, chochote chenye mabaka ya jeshi. Makoti ya namna hiyo huja kwa wingi kwenye nguo za kutoka Ulaya na Marekani, vijana wanayapenda, na katika nchi zetu raia akivaa anaweza kujikuta mikononi mwa askari. Tatu, fulana za vyama vya siasa, na sare za kampuni za ulinzi. Msimuuzie mtu matatizo.

Bei ziendane na noti

Muuza mitumba hupanga bei kichwani kwa kila mteja, na ana kipaji hicho. Kijana wenu wa kujitolea hana, na muziki ukipigwa hata kusikilizana ni kazi. Kwa hiyo wekeni bei tatu tu, kila moja iwe noti moja. Kwa Tanzania: elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Kwa Kenya: mia mbili, mia tano, elfu moja. Kila bei iwe na rangi ya kikaratasi chake, kilichobanwa kwa pini kwenye nguo. Hamtahangaika sana na chenji, mteja hatauliza kila nguo, na mtunza fedha atahesabu hata kama amechoka.

Mteja wa kwetu, hata hivyo, hawezi kununua bila kuvutana kidogo. Ni sehemu ya raha yake. Msimnyime raha hiyo, ila ipitisheni kwenye nyongeza, bei ibaki palepale:

"Dada, hii mwisho ngapi?"

"Elfu tano tu, kaka yangu, hiyo haishuki. Ila ukichukua mbili, nakuongezea kofia."

"Mbili nitapeleka wapi?"

"Shemeji yangu nyumbani havai?"

Atacheka, na mara nyingi atachukua. Nyongeza itoke kwenye fungu la elfu mbili peke yake, na kikaratasi chake kiandikwe "N" kabla ya kuwekwa sandukuni. Hivyo mwisho wa siku vikaratasi na fedha vitasomana, jambo lisilowezekana kila muuzaji akipunguza bei anavyojisikia.

Maneno ya kumtia mteja huruma yaacheni. Kijana asimfuate mtu akimwambia "changia tu, ni kwa ajili ya watoto." Bango moja mlangoni linatosha, liseme kazi ya fedha kwa ukweli: "Mapato ya duka hili, baada ya gharama, yananunua viti vya magurudumu." Yale maneno "baada ya gharama" msiyafiche. Anayesoma akayakuta atawaamini zaidi.

Banda, taa na kioo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakijiuzi gizani, na mauzo ya tamasha mengi ni ya usiku. Taa nyeupe za kuchaji, zilizofungwa juu ya kamba za nguo zikimulika chini, ni gharama ya lazima kuliko bango. Msitegemee mwanga wa jukwaani: chini ya taa nyekundu shati la bluu linaonekana jeusi, na mteja akifika nyumbani atajiona ametapeliwa.

Kioo kirefu kinashika nafasi ya pili. Mtu akijiona, ameshajadiliana na nafsi yake. Kazi yenu imebaki robo. Tengeni kona ya kujaribia kwa vitenge viwili vizito vinavyofunga vizuri hadi chini, hasa kwa ajili ya kina mama, na msichana mmoja wa zamu asimame karibu nayo. Wasioweza kuvua nguo pale wapewe futi kamba, na suruali ipimwe kwa kuizungusha shingoni kama wafanyavyo sokoni.

Nguo bora zitundikwe kwenye henga usawa wa macho. Za elfu mbili zirundikwe mezani, maana kuna wateja wanaopenda kuchakura na hawaamini kitu kilichotundikwa. Mkimpata fundi mwenye cherehani ya mguu, mkaribisheni banda moja nanyi. Hahitaji umeme, anapunguza suruali mteja akisubiri, na watu wanaokusanyika kumtazama wanaanza kushika nguo. Yeye alipwe, au abaki na fedha za ushonaji. Ufundi ndio riziki yake.

Kuhusu mahali, ombeni njia inayotoka getini kwenda jukwaani, au karibu na chakula. Kaeni mbali na spika. Mkipewa nafasi nyuma ya vyoo kwa nusu bei, ikataeni. Bei hiyo ina sababu.

Watu walikuja kusikiliza muziki

Hapa ndipo maduka mengi ya hisani hufia. Kijana anayejitolea kwenye tamasha amekuja kwa sababu mbili, na mojawapo ni kuingia bila kiingilio. Hilo si dhambi. Lipangeni waziwazi badala ya kulinung'unikia.

Pigeni hesabu ya zamu. Tuseme duka linafunguliwa saa tisa alasiri hadi saa sita usiku, siku tatu. Hizo ni saa tisa kwa siku, zamu mbili za saa nne na nusu, zikikutana saa moja na nusu usiku. Kila zamu iwe na watu wanne: mmoja wa fedha, wawili wa kuuza, mmoja wa kona ya kujaribia na kupanga upya nguo zilizovurugwa. Zamu sita mara watu wanne ni nafasi 24. Kila mtu akichukua mbili, mnahitaji watu 12, na wawili wa akiba, kwa kuwa lazima mmoja ataumwa kichwa na mwingine hatapokea simu. Kiongozi wa siku asihesabiwe humo, na asiuze. Kazi yake ni kuzunguka, kuleta maji na kuamua ugomvi.

Kabla ya kugawa zamu, chukueni ratiba ya wasanii mwaulize kila mmoja: ni msanii gani hutaki kumkosa? Mmoja tu. Mpangeni kwa kuliheshimu jibu hilo. Mtu aliyeahidiwa kumwona msanii wake atauza kwa moyo saa nyingine zote. Asiyeahidiwa ataondoka mwenyewe nyimbo zikianza, na hamtamwona tena.

Oxfam huwataka wanaosimamia mageti yake waweke amana kabla ya tamasha na huwarudishia wakikamilisha zamu. Kwa kijana wa chuo asiye na kitu, amana inaweza kumfungia mlango, kwa hiyo tumieni njia nyingine kufikia lengo lilelile: msiowafahamu vizuri wapeni zamu ya kwanza siku ya kwanza, na mkanda wa kuingilia waupokee getini kutoka kwa kiongozi wa siku wakiwasili kazini, si wiki moja kabla. Idadi ya mikanda mpatanie na waandaaji kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haimfanyi mlinzi wa getini afungue.

Chakula ni haki yao. Sahani moja ya moto kwa kila zamu, maji muda wote, na kiti cha kupumzikia nyuma. Wanaofunga saa sita usiku wapelekwe hadi nyumbani kwa gari lililolipiwa na kikundi. Msichana asiachwe atafute bodaboda peke yake kwa kuwa alikuja kuwasaidia.

Kuna jambo dogo linaloleta chuki kubwa: wenyewe kuchagua kwanza. Vijana wanafungua mifuko, wanaona jaketi zuri, linapotea kabla ya duka kufunguliwa. Sokoni anayewahi ufunguzi wa belo hulipia uwahi wake. Nanyi wekeni sheria: wa kujitolea ataruhusiwa kununua kuanzia siku ya pili, kwa bei ya kikaratasi, na fedha azipokee mwingine. Kiongozi ndiye wa kwanza kuitii.

Fedha zisilale mkononi mwa mtu mmoja

Fungueni lipa namba au till kwa jina la kikundi. Namba ya simu ya mweka hazina, hata awe mchamungu namna gani, inaleta maneno. Malipo yathibitishwe kwenye simu ya kikundi iliyoko bandani, wala si kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Jumbe za kughushi zipo na gizani zinafanana na za kweli. Na kwa kuwa maelfu ya simu zikikusanyika mahali pamoja mtandao huzidiwa, msitegemee simu pekee. Anzeni kila siku na chenji iliyohesabiwa, noti ndogo za kutosha.

Saa moja na nusu usiku, zamu zinapopishana, mauzo yasimame dakika kumi. Anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja: fedha taslimu, miamala ya simu, vikaratasi vilivyomo sandukuni. Waandike daftarini, wasaini wote wawili. Upungufu ukionekana hapohapo unazungumzwa kwa utulivu, na mara nyingi sababu hupatikana. Ukigunduliwa kesho yake, hauna mwenyewe, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Fedha nyingi ziondolewe bandani mapema na watu wawili, kwa saa zisizotabirika. Vibali na kodi ulizieni halmashauri na mamlaka ya mapato ya upande wenu mapema. Msidhani neno hisani linawaondolea wajibu huo.

Hesabu kabla ya kukubali

Chukueni mfano wa makadirio. Mna nguo 400, wastani wa bei ni shilingi 5,000, na mnauza 240. Mmepata 1,200,000. Toeni kodi ya banda 250,000, kusafirisha nguo 100,000, chakula cha nafasi 24 za zamu kwa 8,000 kila moja 192,000, usafiri wa usiku 120,000, taa, turubai, henga na vikaratasi 138,000. Gharama zimefika 800,000. Kilichobaki ni 400,000.

Sasa punguzeni mauzo hadi nguo 200. Mapato ni 1,000,000, gharama hazijasogea, kilichobaki ni 200,000. Nguo 40 tu zimekata nusu ya kitu mlichokwenda kukitafuta. Ndiyo maana uchambuzi, taa na kioo si mapambo. Na ndiyo maana mazungumzo ya kwanza na waandaaji yawe juu ya kodi ya banda: wakiisamehe, faida yenu inapanda kutoka 400,000 hadi 650,000 kabla hamjauza hata kofia. Waonesheni hesabu hii. Mwandaaji hujibu haraka zaidi karatasi yenye namba kuliko barua ya maombi.

Mabaki na majirani

Nguo zitabaki, zipangieni kabla hazijabaki. Saa mbili za mwisho wa siku ya mwisho, tangazeni mfuko mmoja elfu kumi, jaza unavyoweza. Zinazosalia mpatanie mapema na muuza mitumba azichukue kwa jumla kwa bei ya chini. Msizimwage uwanjani, wala msizigawe kwa watoto wa mitaani mbele ya kamera.

Muwakumbuke pia wamachinga walioko nje ya geti. Wao nguo wamenunua kwa fedha zao, ninyi mmepewa. Mkiuza kwa mia tano kile wanachouza elfu tano, mmefanya hisani kwa kumpokonya mtu mlo wa jioni. Ukiacha zile saa mbili za mwisho, bei zenu ziwe sawa na za pale nje, na ushindani uwe kwenye usafi na mpangilio.

Ndani ya wiki moja, kaeni kikao cha mwisho. Tangazeni mapato, gharama na salio kwa waliotoa nguo na waliojitolea, hata kama salio ni dogo. Kisha gawanyeni salio hilo kwa idadi ya nafasi zote za zamu mlizotumikisha watu. Kwa mfano wetu wa 400,000 na nafasi 24, kila nafasi ya saa nne na nusu imezaa kama 16,700. Iwapo kikundi chenu kingepata zaidi ya hapo kwa vijana walewale kuosha magari Jumamosi, osheni magari, na tamashani mwende kucheza muziki. Iwapo hapana, andikeni barua ya mwakani wiki hiyohiyo, kabla nafasi ya karibu na chakula haijachukuliwa na mwingine.